Kitenge cha Yasinta

"Nakuuliza tena, Obadia. Mkono wako uliishia wapi?"

"Nimeshakujibu."

"Umenijibu habari za bosi. Mimi sikuuliza bosi, nimeuliza mkono."

Obadia alikuwa ameketi kwenye kigoda, buti moja amelivua, jingine bado. Koti lake la ulinzi, zito na refu, alilolirithi kwa mlinzi aliyefukuzwa kabla yake, lilining'inia mlangoni. Mkewe Scola alikuwa akichambua maharage ya kesho, na kila kokoto aliloliona alilirusha uani upande ule ule alikokaa mumewe. Hakuwa akikosea shabaha.

"Nilivuta ncha," Obadia alisema mwishowe. "Ncha ya kitenge. Kikaja chote."

"Kikaja chote."

"Kilikuwa kirefu."

"Kingekuwaje kifupi? Kilifunga tumbo la mzazi. Ulitegemea kiwe leso?"

Habari hiyo ilikuwa imekizunguka kijiji chote cha Mkiwa kabla jua halijazama. Kwenye kinu cha Laurian, pale palipokuwa ghala la ushirika, wanawake wanaopeta alizeti hukaguliwa getini wakitoka, kwa kuwa bosi anaamini kila kanga ni mfuko. Siku zote walikuwa wakigongwagongwa na rungu kiunoni na mgongoni, wanauma meno, wanapita. Jioni hiyo rungu la Obadia liligonga tumbo la Yasinta likakuta kitu kigumu.

Yasinta alikuwa hajamaliza arobaini. Kibarua hana likizo. Asiyekuja leo, kesho ungo wake una mtu. Kwa hiyo alimwacha mtoto kwa bibi yake, akajifunga tumbo kwa kitenge, mzunguko juu ya mzunguko, kama mzazi yeyote anavyofungwa ili tumbo lirudi na mgongo usimkatike, akaenda kupeta. Laurian alikuwa amesimama kwenye baraza ya ofisi yake. Akasema, "Mfungue." Yasinta akakataa. Obadia akavuta. Kitenge kikadondoka chini, na ndani yake hamkuwa na punje hata moja. Palikuwa na tumbo legevu, na blauzi iliyolowa maziwa, na makuli juu ya lori wakicheka.

Bosi hakuomba radhi. Alisema kiwanda si wodi, na kwamba anayeweza kuficha uzazi anaweza kuficha chochote. Akamwambia Yasinta asirudi.

"Juzi tumemkamata mtu na alizeti ndani ya kilemba," Obadia alisema. "Wizi upo, Mama Theodora. Nisipokagua mimi, wanaume wamejaa pale njia panda wanalitaka koti hili. Nimepunguzwa kazi kule reli, nipunguzwe na hapa?"

"Sijakuambia upunguzwe. Nakuuliza kitu kingine. Nilipomzaa Theodora kule Manyoni, nani alinifunga tumbo?"

Obadia aliinama akaanza kuhangaika na kamba za buti la pili.

Ni yeye aliyemfunga. Mama yake Scola alichelewa kufika, mvua ilikuwa imekata barabara, na katika zile nyumba za reli hapakuwa na mwanamke wa kwao. Mke wa jirani alimwonyesha Obadia mara moja tu. Baada ya hapo kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alikuwa akimsimamisha mkewe, anamwambia vuta pumzi, anakaza, anazungusha, anakaza tena, kwa uangalifu wa mtu anayefunga mzigo wa vyombo vya udongo.

"Kwa hiyo ulijua," Scola alisema.

"Nilipogonga tu nilijua."

Scola aliuweka ungo chini. Mume aliyekosea kwa ujinga angemtukana kidogo kwa Kinyaturu, lugha ambayo Obadia alijifanya haielewi, kisha angempa chakula. Huyu hakuwa mjinga. Alimpa chakula vilevile, maana njaa haina kesi, lakini alimwekea sahani mezani akaenda kula jikoni peke yake.

*

Kesho yake mchana Laurian alikuja kula kwenye banda la Scola, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Alipokuwa meneja wa ushirika, watu walimwita ndugu meneja na alikuwa akisimama kwenye foleni ya unga na wenzake, angalau siku za mkutano. Ushirika ulipokufa na majengo yakauzwa, aliyenunua alikuwa yeye. Kwa pesa gani, hilo watu waliliulizana mpaka wakachoka. Sasa alikuwa bosi, ana pikapu, na banda la Scola lilikuwa limeegemea ukuta wake.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, Mama Theodora. Leo kuna nini?"

"Ugali, maharage, na kuku kwa mwenye uwezo."

"Basi niwekee uwezo."

Alikula vizuri, akanawa, akachokonoa meno. Madereva wawili waliokuwa wakila pembeni wakaona ni busara kumaliza upesi.

"Nimesikia maneno ya jana," alisema. "Wanawake wanalalamika kukaguliwa na mwanamume. Nami nimesikiliza. Kusikiliza ni kazi ya kiongozi. Nataka mwanamke pale getini. Nimekuchagua wewe."

Scola alikuwa akifuta sufuria. Aliendelea kuifuta ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Si kibarua," Laurian aliongeza. "Mshahara wa mwezi. Unapika mchana kama kawaida, jioni unakagua wenzako, basi. Binti yako yuko sekondari Singida mjini, sivyo? Nimesikia amerudishwa tena kwa ajili ya ada."

Ilikuwa kweli, na Scola hakupenda kuisikia ikitoka kinywani mwa yule aliyetoka kula kuku wake. Theodora alikuwa nyumbani tangu wiki iliyopita, anasoma daftari zile zile mpaka kurasa zimelegea.

"Na Yasinta?" aliuliza.

"Yasinta ameshaondoka. Tunazungumza habari za waliopo."

"Nikikataa?"

Laurian alicheka, si kwa ubaya. Aliinuka, akaupigapiga ukuta kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe wake. "Mimi simlazimishi mtu. Ila ukuta ni wa kiwanda. Unaanza leo jioni. Nitakuwekea meza na kiti."

Alilipa kamili, bila kudai chenji. Hilo nalo Scola alilitazama kwa shaka.

*

Zahanati iko upande wa pili wa barabara. Scola alivuka na kijagi cha uji akijua atamkuta Yasinta, kwa sababu bibi yake alisema titi limevimba na homa imempanda usiku.

Alimkuta kwenye benchi la baraza, mtoto mapajani. Pembeni yake alikaa Ziada, yule anayeuza kuku kwa abiria wa mabasi, mkono wake wa kulia ukifungwa bandeji na Nesi Redempta. Asubuhi mtoza ushuru alikuwa amempindulia tenga kwa sababu ya risiti, kuku wakakimbilia barabarani, na Ziada alipowafuata alijichana kwenye seng'enge.

"Tulia," Redempta alisema.

"Nimetulia. Wewe ndiye unavuta."

"Na wewe, Yasinta, nilikuambia nini kila Jumatano ya kliniki? Matumbo hayafungwi. Tumefundisha, tumebandika mpaka picha ukutani. Ungenisikia, ya jana yasingekukuta."

"Muache mwenzio," Ziada alidakia. "Wewe una maneno tangu zamani. Mimi ulinitukana ninasukuma. Ulisema wakati wa kumpata sikupiga kelele hizi."

"Nilisema."

"Unakubali?"

"Nilikuwa peke yangu, wazazi watatu kwa mpigo, chemli imeishiwa mafuta. Ulitaka nikuimbie?"

Ziada alitaka kukasirika, ikamshinda, akacheka mpaka bandeji ikalegea. Redempta hakucheka. Aliianza upya, polepole zaidi.

"Mnaniona mbaya," alisema. "Siku hizi lazima niwadai pesa ya kadi kabla sijawashika mkono, na anayetukanwa ni mimi, si aliyeandika amri. Mwaka huu wa tatu naomba uhamisho nimfuate mume wangu Dodoma. Anayeshika mafaili wilayani anasema majibu yangu yapo, nimfuate gesti akanipe."

Basi la Tabora lilipita njia panda, wenzake Ziada wakalikimbilia na kuku wananing'inia mikononi, na vumbi likaja mpaka barazani.

"Kumbe hata wenye gauni jeupe mnasimamishwa getini," Ziada alisema.

Hapo ndipo Scola aliposema lake: meza, kiti, mshahara, ukuta. Alilisema haraka haraka, akimmiminia Yasinta uji, macho yake kwenye kikombe.

"Chukua," Ziada alisema mara moja. "Una mtoto wa shule. Akikaa mwingine pale atatupekua mpaka masikioni. Wewe utakuwa na huruma."

"Chukua," Redempta alisema. "Angalau itakuwa ndani ya chumba, mwanamke kwa mwanamke. Ni staha."

Scola akagundua kwamba hayo ndiyo aliyovuka barabara kuyatafuta. Alitaka aambiwe chukua. Alikuwa ameshaanza kuona sare mpya ya Theodora, imepigwa pasi, iko kwenye msumari.

Yasinta alipokea kikombe kwa mikono miwili. Kwa umri angekuwa mdogo wake wa mwisho, na hakuwa na mazoea ya kusema mbele ya wakubwa.

"Dada," alisema, "Baba Theodora aliponivua jana, kijiji kizima kimesema ni vibaya. Hata waliocheka wamesema. Ukinivua wewe, watasema ni utaratibu."

Akanywa uji.

Ziada aliangalia bandeji yake. Redempta alifunga kopo la dawa, akalifungua, akalifunga tena. Mtoto alipiga chafya na Yasinta akamfuta pua kwa ncha ya kanga, na Scola akaiona ile sare ya shule ikishuka kwenye msumari wake. Ilimuuma, wala asingedanganya kwamba haikumuuma.

"Saa tisa naingiza uji kiwandani," alisema hatimaye. "Huko ndani kila mmoja ana kanga ya pili, wanajitandia kuzuia vumbi. Nitawaambia wajifunge tumboni. Wote. Mzazi na asiye mzazi, bibi na msichana. Wakitoka watoke wamefungwa. Kama tumbo lililofungwa ni wizi, basi atukute wezi watupu."

"Na sisi wa nje?" Ziada aliuliza.

"Wewe una kanga ngapi?"

"Za kutosha kufunga Mkiwa." Ziada alishasimama. "Ngoja nikawaite wale wa njia panda. Wakigoma nitawakumbusha tenga langu lilivyopinduliwa wakiangalia."

Wote wakamgeukia Redempta.

"Mimi siwezi," alisema. "Mimi ndiye nimewakataza. Picha iko pale ukutani."

Hakuna aliyembembeleza.

*

Saa kumi na moja meza ilikuwa pale getini, imefutwa vumbi, na nyuma yake kiti cha ofisini chenye mto. Laurian alisimama kando yake, mikono nyuma. Lori la mapipa ya mafuta lilikuwa likisubiri kumalizwa kupakiwa, na makuli wale wale walikuwa juu yake. Obadia alisimama mahali pake na koti lake na rungu lake. Tangu jana alikuwa hajasemeshwa na mkewe ila kuulizwa kama ameshiba.

Scola alikuwa ameingia ndani kuchukua ndoo yake ya uji. Alipotoka, alitoka wa kwanza, na nyuma yake foleni.

Laurian alielewa alipomwona wa tatu. Matumbo yote yalikuwa yamefungwa. Mengine kwa kanga safi, mengine kwa vitambaa vilivyojaa vumbi la maganda, moja kwa kipande cha gunia lililoandikwa jina la kiwanda. Bi Marietha, ambaye wajukuu zake wanaoa, alijifunga kwa kilemba chake mwenyewe. Nje ya geti, wanawake wa njia panda walikuwa wamesimama na matenga yao, nao wamefungwa, na kuku walikuwa wakilalamika kwa niaba ya wote.

Mmoja wa makuli, aliyecheka sana jana, alimwona Bi Marietha. Huyo alikuwa mama yake. Akashukia upande wa pili wa lori.

"Mama Theodora," Laurian alisema kwa sauti ya kawaida. "Meza yako hii."

"Nimeiona, bosi. Lakini na mimi natoka. Anayetoka anakaguliwa." Scola aliweka ndoo chini, akasimama mbele ya mumewe. "Mlinzi, fanya kazi yako."

Obadia alimtazama. Scola alikuwa amejifunga mwenyewe, haraka, nyuma ya jiko, bila mtu wa kumkazia. Kwa kutembea kitenge kilikuwa kimeanza kuteleza na ncha inachungulia ubavuni.

"Mfungue," Laurian alisema.

Obadia aliegemeza rungu kwenye nguzo. Akaishika ile ncha. Scola alihisi kitenge kikivutwa, na kwa mara ya kwanza tangu afikie uamuzi huu aliogopa, kwa sababu aliyesimama mbele yake alikuwa mtu anayejua kabisa anachokifanya.

"Vuta pumzi," Obadia alisema.

Alisema kwa sauti ya chini, kama zamani. Scola alivuta. Obadia akakaza, akazungusha, akakaza tena, akaipachika ncha mahali pake, akaikandamiza kwa kidole gumba.

"Nimemkagua, bosi," alisema. "Ni mzazi. Apite."

Akamgeukia aliyefuata. "Shikamoo, Bi Marietha."

"Marahaba, baba. Usikaze sana, nina kidonda cha tumbo."

Mtu alicheka, safari hii kicheko kingine. Obadia hakukaza sana. "Huyu naye ni mzazi. Apite."

Alikuwa amefika wa nne Laurian aliposema, "Koti, Obadia." Obadia alilivua. Alilikunja vizuri, kola juu, akaliweka mezani, na rungu juu yake. Ndani alikuwa na shati la reli lililochakaa viwiko.

Basi. Koti limeondoka, na mshahara haukuja, na ukuta wa banda nao Scola aliuhesabu kuwa umeondoka.

"Nendeni makwenu," Laurian alisema, sasa kwa uchovu. "Kesho nitachukua wengine. Watu wapo."

"Wapo," Ziada alijibu kutoka nje. "Wakija watashukia njia panda, na njia panda tupo sisi. Tutawaamkia vizuri tu."

"Na madereva wako watakula kwa nani?" Scola aliuliza. "Mimi nimezima moto."

Laurian alitazama lori, akatazama mapipa, akatazama lile rundo la alizeti lililokuwa bado halijapetwa, refu kuliko nyumba, katikati ya msimu. Alikuwa mtu wa hesabu. Lakini pia alikuwa mtu wa kusubiri, na Scola aliliona hilo usoni mwake: anasubiri waende nyumbani. Wakienda nyumbani, kila mmoja atalala na watoto wake na njaa yake, na asubuhi watakuwa wanawake mmoja mmoja.

Aligeuka. Nje ya geti Yasinta alikuwa amesimama pembeni, mtoto kifuani, tumbo limefungwa tena kwa kitenge chake, kama mtu aliyekuja kutazama shughuli ya wengine. Na kando yake, Scola akamwona Redempta, gauni jeupe, na juu ya gauni hilo shuka la zahanati limezungushwa tumboni, limefungwa vibaya sana, kama linavyofungwa na mtu ambaye hajawahi kulifunga.

"Usiniulize," Redempta alisema.

"Sikuulizi. Mpokee mtoto."

Redempta akampokea. Scola alimshika Yasinta mkono akampitisha getini, si kutoka bali kuingia. Alipofika mezani alisimama, akakichukua kile kiti chenye mto kwa mkono wake wa pili.

"Unakwenda wapi?" Laurian aliuliza.

"Jana alitolewa kazi haijaisha. Anakuja kuimaliza."

"Nimeshamwachisha."

"Tumesikia."

Akaendelea kutembea. Laurian alitazama getini kumtafuta mtu wa kumwamuru, na pale hapakuwa na mtu ila Obadia na shati lake, ambaye hakuwa tena mlinzi wa mtu. Bi Marietha aligeuka akaingia. Waliokuwa wameshatoka wakaingia. Ziada aliuliza kama kuku wanaruhusiwa, na bila kungoja jibu akaingia nao.

Ungo wa Yasinta ulikuwa bado umetundikwa kwenye msumari wake chini ya bati. Scola aliweka kiti kando ya rundo, Redempta, aliyewafuata, akakaa na mtoto mapajani, karibu, pale ambapo mama yake angeweza kumfikia akilia. Yasinta aliutungua ungo, akaufuta vumbi kwa ncha ya kitenge kilichomfunga tumbo, akachota alizeti, akaanza kupeta.